Mamba Aliyemla Mwidani

Mwidani alipokufa Mishomoroni, kwa dadake, waliomzika hawakutimia kumi na watano. Baada ya arobaini, ikawa Mombasa nzima ilikuwa rafiki yake.

Mwanatatu aliletewa habari hiyo na Erastus Odhiambo, karani wa jumba la mikutano la wafanyakazi kule Changamwe, aliyevuka feri mpaka Likoni na tai shingoni katika jua la Februari. Alimkuta uani akimenya muhogo.

"Shikamoo, mama. Tunaandaa kumbukumbu ya marehemu, na ile sinema yake tutaionyesha. Uhuru uko karibu, na sisi tunahitaji mashujaa wetu wenyewe. Wewe kama mjane wake utakaa mbele."

"Marahaba. Mimi si mjane, mwanangu. Mimi ni mtalaka wake, mwaka wa tano huu."

Erastus alisema hilo halidhuru. Mwanatatu akamtazama, akaona kwamba kijana huyu hakuna neno ambalo lingemdhuru, mradi kiti cha mbele kisikae kitupu.

Mwaka wa hamsini na sita Wazungu walikuja kupiga sinema ya safari kule mto Sabaki, wakachukua wapagazi kutoka Likoni. Mwidani alikaa huko siku tisa. Alirudi na kofia ya pama na sauti ya puani, na jembe hakulishika tena. "Mtu aliyeonekana Ulaya," alimwambia mkewe, "halimi kunde." Kila alasiri alikuwa barazani kwa watu, akihadithia alivyokuwa jemadari wa msafara, alivyopigana na mamba kwa kisu hadi maji yakageuka damu. Mwanatatu alilima peke yake, akapika, akasikiliza, mpaka siku aliyoambiwa kwamba mke wa mchezaji sinema hafai kunuka moshi. Mwidani akampa talaka, akamwoa Dhahabu. Naye Dhahabu alikaa miezi saba, akaona kofia hailiwi, akarudi kwao.

Sinema yenyewe haikuwahi kufika Likoni. Ndiyo sababu Mwanatatu alikubali kwenda Changamwe. Hakwenda kwa heshima. Alitaka kumwona huyo mamba.

Ilikuwa Jumamosi mchana, madirisha ya jumba yamezibwa kwa mablanketi, na ndani joto la tanuri. Mwanarehema, dadake Mwidani, aliyemlisha na kumfulia miaka yake ya mwisho, alikuwa ameketi nyuma kabisa, kando ya mlango. Hakuna aliyemjua. Mwanatatu akakipita kiti chake cha mbele, akaenda kukaa naye.

Wakasema wasemaji. Akasimama Rama, yule yule aliyemfukuza Mwidani barazani kwake kwa kuchoshwa na hadithi zake, akasema wallahi wamefiwa na taa ya pwani. Alitoa leso, akafuta jicho kavu.

"Huyu alikuwa hata salamu hamjibu," Mwanarehema alinong'ona.

"Muache. Yeye ndiye mchezaji sinema hasa."

Kisha picha zikaanza. Wapagazi walipita mmoja mmoja, Mwidani akiwa wa nne, kasha kichwani. Wakaingia mtoni. Maji yalipomfika kiunoni macho yalimtoka, mdomo ukaachama, akapiga ukelele ambao haukuwa hata sauti yake. Walimtilia ya mtu mwengine. Akazama. Maji yakatulia, Mzungu akawasha kiko, msafara ukaendelea. Kisu hakikuwako. Hata mamba hakuonekana ila mkia.

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, mablanketi yakashushwa. "Mmeiona ile hofu?" Erastus aliuliza, akitweta kwa furaha. "Hicho ndicho kipaji. Mama, tuambie, aliisomea wapi?"

Mwanatatu alisimama pale pale nyuma.

"Hakuisomea. Mwidani alikuwa hajui kuogelea. Mzaliwa wa Likoni, lakini akipanda feri hufumba macho akashika kanga yangu. Wale Wazungu walimwona muoga, wakamtia majini, wakampiga picha. Kila alilotuambia lilikuwa uongo, ila hilo mlilolicheka. Nanyi mwampigia makofi."

"Ni kweli," Mwanarehema alisema. "Hata kisimani alikuwa hainami."

Rama alikunja leso yake. Erastus akasafisha koo, akasema, "Maneno mazito hayo. Asante sana, mama," kisha akaanza kupiga makofi, na watu wakamfuata, kwa kuwa ndilo jambo walilolijia. Mwanatatu akamshika Mwanarehema mkono, wakatoka.

Wiki iliyofuata gazeti liliandika habari ya kumbukumbu ile, na jina la Mwidani kwa herufi kubwa. Juu ya jina walitia picha ya mpagazi mwengine kabisa, mwembamba, mwenye chale shavuni. Mwanatatu alingoja siku kadhaa kusikia ni nani amekwenda kulalamika. Hakuna aliyekwenda, Erastus alilibandika gazeti lile ukutani jumbani, na watu walisimama mbele yake wakisema kweli, ndiye, hakubadilika hata kidogo.