Pete Nne za Celica

Kipkoech hakuwa mtu wa kuomba ushauri kuhusu magari. Yeye alikuwa akiutoa. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, alipoingia kwenye yadi ya Zeddy huko nyuma ya maghala ya Nakuru, ambako rimu za mitumba zimerundikwa kama sufuria siku ya soko, alijua anachotaka. Alijua pia kwamba Zeddy angejaribu kumuuzia kitu kingine.

"Niaje, Kip! Nimekuwekea hizi." Zeddy aliegemea rimu nne nyeusi za inchi kumi na nane, zinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. "Weka hizi kwa ile Celica ya mzee, harusi yote itasimama iangalie gari."

"Na nikifika kwa ile barabara ya marram ya kwetu Kabazi?"

"Unaenda pole pole."

"Na tairi nyembamba hivi? Shimo la kwanza tu, rimu imepasuka. Mimi nimetoka kupasua moja Salgaa juzi, na hiyo ilikuwa na tairi nene."

"Boss, harusi ni siku moja!"

"Gari si la siku moja."

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la chini, la mwaka wa tisini na sita. Baba yake Kipkoech, Bethwel, alikuwa akiliosha kwa mikono yake kila Jumapili baada ya kanisa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa akiwa na mikono ya chapati. Miaka mitatu iliyopita, akiwa kitandani karibu na kufa, aliacha neno moja tu kuhusu gari hilo: Jepleting atatoka nyumbani ndani yake. Kipkoech alimjibu, "Nitamwendesha mimi." Sasa Jepleting, dada yake, alikuwa anaolewa Jumamosi.

Aliziruka zile nyeusi akaenda pembeni, kwenye rimu nne za aloi zilizotoka kwenye Subaru. Inchi kumi na sita, rangi ya fedha, mikono mitano iliyonyooka. Akapima nafasi ya nati tano: sawasawa na za Celica. Akaning'iniza kila rimu kwa kamba, akaigonga kwa mpini wa spana na kutega sikio. Rimu nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hukohoa. Zote nne zililia.

"Hizi," akasema.

Zeddy akacheka. "Umechagua kama mzee wa kanisa."

"Nimechagua kama dereva."

Rimu tatu za zamani za Celica, zilizobaki baada ya ile ya Salgaa kupasuka, alimwachia Zeddy kama sehemu ya malipo, na kabla ya saa nane zilikuwa zimepata mnunuzi, zikapakiwa kwenye lori la Eldoret. Njia ya kurudi nyuma ikawa imefungwa. Kipkoech hakujali. Nani alitaka kurudi nyuma?

Alhamisi alimchukua Jepleting wakajaribu gari barabarani. Kwenye sitini lilikwenda kama maji. Kwenye sabini usukani ukaanza kutetemeka. Kwenye themanini kioo kilicheza, dashibodi ikalia, na Jepleting akashika kidevu chake kwa mikono miwili.

"Kip! Kesho kutwa nitakuwa na shela, na maua, na lipstick. Hii gari itanipaka lipstick mpaka kwa sikio!"

"Ni balansi tu, uzito wa magurudumu haujalingana."

Wakaenda kwa fundi, wakabalansi magurudumu. Likatetemeka. Wakabalansi tena, na fundi akaingia uvunguni kukagua viungo vya usukani. Vilikuwa vizima. Likatetemeka.

Waliporudi nyumbani walimkuta Anko Kibii langoni, anafuta kioo cha Probox yake taratibu, kama mtu anayetaka kuonekana.

"Probox haina maringo," alisema bila kuulizwa. "Imebeba maziwa, imebeba mbuzi, bibi harusi ataishinda?"

Jepleting alishuka, akamtazama kaka yake. Hakuwa anatania tena. "Nataka kwenda na gari ya Baba, Kip. Unajua. Lakini sitaingia kanisani nikitapika. Kesho jioni ikiwa bado, maua tunafunga kwa Probox."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kejeli ya mjomba wake. Ijumaa asubuhi aliinua gari kwa jeki, akaketi juu ya ndoo, akaanza kufikiri. Rimu ni nzima, hilo angeliapia. Tairi ni nzima. Gari ni zima. Basi ubaya uko mahali gurudumu na gari vinapokutana.

Akapaka grisi kuzunguka kile kitovu cha chuma kinachochomoza katikati ya nati, kinachoingia kwenye tundu kubwa la rimu. Akafunga gurudumu, akalifungua tena. Tundu la rimu lilikuwa na grisi upande mmoja tu. Kwingine kulikuwa kukavu kabisa.

Kipkoech alicheka peke yake, kwa sauti kubwa. Alikuwa amepima nati, amehesabu inchi, amesikiliza ufa usiokuwepo, na tundu la katikati, ambalo hata mbuzi wa Anko Kibii angeliona, hakulipima! La Subaru lilikuwa pana zaidi kwa milimita mbili. Gurudumu halikukaa juu ya kitovu. Lilining'inia kwenye nati, limeegemea upande mmoja.

Anko Kibii alichungulia juu ya ua. "Umeshindwa?"

"Nimekosea, Anko. Kushindwa ni kitu kingine."

Saa nne alikuwa mjini kwa Wamaitha, mama anayekereza vyuma, ambaye pampu na vinu vya posho vya nusu ya bonde huzunguka kwa kazi ya mikono yake. Alimweleza anachotaka: pete nne nyembamba za aluminiamu za kujaza ule upana. Akamwonyesha vipimo alivyoandika kwenye karatasi.

Wamaitha hakuipokea karatasi. "Hizi umepima na rula ya shule? Toa gurudumu, nipime mwenyewe." Akainama na kifaa chake cha kupimia, akapima kitovu, akapima tundu, akapima tena. "Pete nne kwa harusi moja. Bwana harusi ni nani, mfalme?"

"Mathe, bwana harusi ni mwalimu. Mfalme ni gari."

"Nani alikuuzia rimu bila pete?"

"Nilichagua mwenyewe."

Akamtazama juu ya miwani. "Basi ulichagua vizuri. Rimu ni nzuri. Kaa hapo."

Pete ya kwanza haikumridhisha, akaitupa kwenye pipa la vyuma. Ya pili iliingia kwenye rimu, na rimu ikaingia kwenye kitovu kwa mlio mdogo, *tok*, ikakaa pale yenyewe hata kabla ya nati ya kwanza. Kipkoech aliachia mikono yake, akaitazama. Aliporudi Kabazi alasiri ile, pete zote nne zikiwa mahali pake, usukani ulitulia kwenye vidole viwili.

"Tujaribu," Jepleting akasema.

"Hakuna kujaribu. Kesho njoo na lipstick yako."

Jepleting alikwenda kuchukua kikapu cha maua. Kisha akafunga maua kwenye Celica, na utepe mmoja, mmoja tu, kwenye Probox.

Jumamosi walitoka Kabazi kwa marram, tairi nene zikimeza mashimo, Probox nyuma yao ikifuata na kiti kitupu. Walipofika kwenye lami Kipkoech alikanyaga. Sitini. Sabini. Usukani haukutetemeka. Kwenye themanini Jepleting alifungua mkoba, akatoa kioo na lipstick. Akapaka mdomo wa juu, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Akapaka wa chini. Akafunga lipstick kwa kidole gumba.

"Anko yuko wapi?"

Kipkoech alitazama kioo cha kuangalia nyuma. "Simwoni."

Jepleting hakugeuka. Aliweka mkono juu ya dashibodi ya baba yake, akauacha pale mpaka nyumba za kwanza za Nakuru zilipotokea.

"Sasa punguza," alisema. "Nataka watu waone hizo rimu."