Siku ya Kumtembeza Baba

Kaka yangu ana kipaji cha kupanga mambo ambayo watu wengine watayafanya. Ndiye aliyetafuta nyumba ya kutunzia wazee, ndiye aliyezungumza na msimamizi wake kwa simu, na ndiye aliyelipeleka begi la baba mapema, akarudi na kuniambia kazi iliyobaki ni ndogo tu.

"Wewe mpeleke matembezi," alisema. "Zungukeni mji, ale, afurahi. Jioni mnapita pale kama mnapumzika, halafu unamwambia kwamba anabaki."

"Kwa nini nimwambie mimi?"

"Kwa sababu wewe anakusikiliza."

Uongo mtupu. Baba hajawahi kumsikiliza mtu, anasikiliza kuta. Amekuwa fundi rangi maisha yake yote, na kabla ya kuanza kazi alikuwa akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anakwambia kama una unyevu ndani. Sisi wanawe alitugonga vivyo hivyo vichwani tulipokuwa wadogo, akatangaza kwamba kaka yangu ni mtupu. Enzi hizo niliona ni mzaha.

Lakini sikukataa, na sababu yake naisema bila kuificha: nilikuwa nimechoka. Baba aliishi kwangu, vyumba viwili, na mimi nashona sare kiwandani kwa zamu. Nimewahi kurudi nikakuta jiko la gesi linawaka peke yake, nikanyamaza. Siku nyingine nikakuta ameanika juu yake matambara ya tapentaini, pazia limeshika moto, naye amesimama katikati ya chumba na kikombe kitupu mkononi, analia kwa sababu hakumbuki maji yanakaa wapi. Pazia nililizima kwa blanketi. Yeye sikujua nimtulize kwa kitu gani. Mwenye nyumba alikuja akasema kwa upole kwamba mzee ni mtu mzuri sana, ila atafutiwe mahali pengine pa kuwa mzuri.

Begi lake nililipanga mwenyewe siku moja kabla, yeye akiwa kwa kinyozi, kaka akalichukua siku hiyo hiyo. Nguo, kandambili, dawa, redio ndogo. Mwishoni nikatungua brashi yake ya zamani, ile yenye mpini uliozungushiwa uzi, ambayo miaka yote ilining'inia msumarini juu ya kitanda chake. Huigusa kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Nikasema moyoni, huko ugenini angalau awe na kitu cha nyumbani. Katika aibu yote ile, hilo la brashi nilijisifia.

Siku yenyewe alipoamka, nilimwona ameinua mkono ukutani kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Akaushusha. Nikamvalisha koti lake la kijivu.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

"Kwenye mji wa kwenye kalenda yako, baba."

Kalenda hiyo ilikwisha mwaka wake zamani, lakini hakuruhusu itupwe kwa sababu ya picha yake: nyumba zimepanda mlima juu ya ziwa, kila moja na rangi yake, za njano, za samawati, za zambarau. Ndiyo maana kaka aliposikia nafasi imepatikana huko, alisema mpango umejipanga wenyewe.

Tuliposhuka kwenye basi, kulikuwa na ubao mkubwa stendi, umechorwa mambo ya kufanya kwa wageni wa siku moja. Kupanda boti. Kupanda ngazi za rangi hadi kileleni. Kupiga picha kwenye kuta. Kula askrimu ufukweni. Baba akausoma mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Tufanye yote," akasema.

"Yote, baba? Na miguu hiyo?"

"Leo ninayo. Ya kesho tutaiuliza kesho."

Kwenye boti walimvisha boya la rangi ya machungwa, akajitazama kifuani akasema huyo aliyechagua rangi hiyo hakuwa na mke wa kumshauri. Watu wakacheka. Tulipofika mbali kidogo na ufuko, mji wote ukajipanga mbele yetu. Baba akaanza kuukosoa nyumba kwa nyumba. Ile ya waridi kapaka mtu mwenye haraka. Ile ya kijani rangi ni nzuri, ukuta haukupigwa msasa. Aliendelea hivyo kwa raha kubwa, halafu akageuka kunitazama.

"Mama yako hakuja?"

Mama tulimzika zamani. Nilikuwa nimezoea swali hilo, lakini juu ya maji sikuwa na pa kulikimbia.

"Amebaki nyumbani, baba."

"Kizunguzungu chake hicho," akasema, akarudi kwenye nyumba zake.

Ngazi zilimtesa. Alisimama kila baada ya hatua chache, ameshika mgongo, nami nikamtania kwamba mpanda ngazi hushuka, turudi tu. Akajibu kwamba hushuka kweli, lakini si kabla kazi haijaisha. Katikati ya kilima tulimkuta mtu amemaliza kupaka mlango wake. Baba akaomba ruhusa, akaugusa kwa mgongo wa vidole, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ndivyo alivyopima rangi siku zote. Ncha za vidole, alikuwa akituambia, huacha alama. Mgongo wa vidole unauliza tu.

"Bado mbichi," akamwambia mwenye mlango. "Usiusumbue. Uache ukauke kwa wakati wake."

Simu yangu ikalia. Kaka.

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"Unangoja nini? Msimamizi anawasubiri."

"Njoo umwambie wewe."

"Usianze," akasema. Nikamkatia.

Nilijaribu. Tulipokaa ufukweni na askrimu zetu, yake inamchuruzika kwenye mkono wa koti, nikasema, "Baba, nina jambo."

"Lina haraka?"

Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, uso kaupeleka juani. "Halina," nikasema.

"Basi liache likae. Tukapige picha."

Nilimfuata. Ng'ambo ya barabara niliona basi la kurudi nyumbani, tupu, dereva anafuta kioo. Kwa muda kidogo nikawaza tupande. Kisha nikawaza tukishuka. Jiko lile lile, zamu ile ile, mwenye nyumba yule yule mlangoni. Sikuwa na moyo wa kumwacha wala pa kumrudisha, na hakuna mtu duniani niliyeweza kumuuliza nifanye nini isipokuwa baba, ambaye ndiye niliyekuwa namdanganya.

Mpiga picha akatuambia tuchague ukuta. Zilikuwapo kuta za kila rangi, baba akachagua wa sementi usiopakwa kitu. Mpiga picha akabembeleza, akaonyesha wa samawati wenye maua, baba akakataa katakata.

"Huu," akasema. "Angalau zitaonekana sura zetu."

Akanishika bega. Picha hiyo ninayo. Yeye anacheka, mimi nina uso wa mtu aliyeweka moto kwapani.

Jua lilipoanza kulalia upande wa ziwa, mambo ya ubao wa stendi yalikuwa yametuishia. Akajipangusa mikono kwenye koti.

"Haya, mama," akasema. Huniita hivyo akiwa na huruma nami. "Sasa twende huko tunakokwenda."

Nikafikiri anamaanisha nyumbani. Nikasema tupite kwanza mahali tupumzike. Akaitika tu, akanipa mkono nimshike.

Nyumba yenyewe ilikuwa safi, ya ghorofa moja, na msimamizi alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe. "Shikamoo, baba," akasema, na baba akaitika marahaba kwa adabu zote. Alitupeleka chumbani bila kuuliza, maana alidhani nimeshasema. Kitanda kimoja, kabati, dirisha linatazama maji. Begi lilikuwa limeshafunguliwa, kandambili zimepangwa chini ya kitanda. Na juu ya kitanda, mtu mwenye roho nzuri alikuwa amegongelea msumari akatundika brashi.

Nilitamani sakafu inimeze. Msimamizi akatutazama, akaelewa, akatoka polepole.

Baba aliisogelea brashi. Akaishika mpini, akapapasa ule uzi.

"Kumbe umenitangulia," akaiambia.

"Baba."

"Asubuhi haikuwepo msumarini." Alisema bila hasira, kama anayenieleza hali ya ukuta. "Sijawahi kuitoa pale ila nikienda kazini, na kazi sina. Nikajua kuna mahali napelekwa nisirudi."

"Tangu asubuhi? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenirudisha?"

Niliinama nikazipanga upya kandambili zilizokwisha kupangwa. Yeye akakaa kitandani, akajaribu godoro kwa kiganja.

"Boti ilikuwa nzuri," akasema. "Mwambie mama yako."

Msimamizi alibisha hodi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba basi la mwisho linakaribia kuondoka. Nikapiga magoti mbele ya baba. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kumfunga vifungo vya koti, ambalo chumbani hakulihitaji. Aliniacha nivifunge vyote. Kisha akainua mkono, akanigusa shavuni kwa mgongo wa vidole, taratibu, akautazama mkono wake uliolowa.

"Bado mbichi," akasema. "Nenda, mama, basi litakuacha. Itakaukia njiani."

Nikainuka nikaenda.