Mgongo wa Gitare

Jumanne, kabla kengele ya shule haijalia, Ikirezi alijikwaa mlangoni mwa zizi akamwaga maziwa ya asubuhi. Baba yake mdogo, Mutware, shemasi wa kanisa na mtu asiyepandisha sauti, alichukua waya wa umeme uliokunjwa mara mbili akamchapa mgongoni mara tisa. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na Mutware alipenda mambo yawe na mpangilio. Alama tisa zikatokea mgongoni mwa Gitare, ng'ombe mweupe aliyefungwa pembeni akitafuna majani. Mgongo wa Ikirezi ulibaki laini. Maumivu hayakuhama.

Alama zilikuwa zimeanza kuhama tangu msimu wa mahindi, na mtaani hakuna aliyeona ajabu. Watu waliotembea kutoka milima ya Kivu Kusini mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wameona mengi njiani, na wazazi wa Ikirezi walibaki huko huko njiani. Kilichowauma majirani ni kwamba ng'ombe amepigwa.

Kwa wafugaji wa kule, anayempiga ng'ombe mpaka akaacha alama hapewi maziwa na jirani. Wazee walikuja jioni hiyo wakakaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Walimpapasa Gitare, na mmoja akalia waziwazi. Walimuuliza Mutware, kwa upole, ni nani aliyefanya unyama huu. Mutware aliweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba hajawahi kumpiga ng'ombe huyu hata kwa unyasi. Alisema kweli, nao walijua kwamba amesema kweli. Ikirezi, aliyekuwa amepiga magoti akiwanawisha mikono, hakuulizwa kitu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, husemwa, na methali hiyo imewafaa sana watu wenye waya.

Aliyeuliza alikuwa Bénédicte, mama jirani, aliyejitolea katika kamati ya kulinda watoto. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu mjini Mbarara. Huko alifundishwa kwamba waya uliokunjwa huacha alama yenye umbo la tundu la sindano, na kwamba mtoto anayejikunyata mtu akiinua mkono ameshasema. Gitare alikuwa na matundu ya sindano mgongo mzima. Bénédicte alipoinua mkono kufukuza nzi, Ikirezi alijikunyata.

"Inakuuma fasi gani, mutoto yangu?"

Ikirezi alimwonyesha ng'ombe. "Kidonda iko kwake, mama. Kuuma ndio iko kwangu."

Fomu ya ofisi ya kulinda watoto ilikuwa na mchoro wa mtoto, mbele na nyuma. Bénédicte alizinakili alama za Gitare zote kwenye mgongo wa mchoro, akaipeleka. Wiki iliyofuata alikuja dada mmoja wa ofisini kwa pikipiki. Alimvua Ikirezi gauni nyuma ya pazia, akautazama mgongo safi, akaandika: Hakuna dalili. Alimshauri Bénédicte asichanganye mambo ya mifugo na ya watoto. Alipotoka nje alimwona Gitare, akampiga picha nne kwa huruma.

Picha zilifika mbali. Siku ya tatu lori lilikuja na daktari wa mifugo kutoka Mbarara, jina lake Mbabazi. Alisema nyumba hii si salama kwa ng'ombe. Mutware alitia sahihi kwa moyo mkunjufu, na Gitare akapelekwa kwenye shamba moja huko Kakiika, akalindwe mpaka hali ya nyumbani ibadilike. Jumapili kanisa lilimwombea Gitare na kumpongeza Mutware kwa kukubali kuachana na mnyama wake. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Aliyevunjwa zizini akimbilie wapi, methali haisemi.

Bénédicte alikuwa na hasira asiyojua aiweke wapi. Alhamisi alipanda gari mpaka Kakiika. Alimkuta Gitare kwenye zizi lenye bati jipya na majani mabichi, na hakuwa peke yake. Walikuwamo ng'ombe kumi na wanne. Mbabazi alimtembeza kama mwenye nyumba. Mwekundu yule alitoka Ruti, na alama zake ni za pasi. Wa pembe ndefu alitoka Kikagate, ana alama ya bizimu ya mkanda shingoni. Mdogo wa kijivu hana alama yoyote, ila anakula kutwa na anazidi kukonda.

Saa kumi na moja na nusu Gitare aliacha kutafuna. Hapakuwa na mtu karibu naye. Tundu la sindano likajichora mgongoni mwake, taratibu, kisha la pili. Ilikuwa saa ya kurudisha maji nyumbani, na huko Nakivale Ikirezi alikuwa amechelewa bombani. Mbabazi alifungua kopo la dawa.

"Unajua ile ni ya nani?" Bénédicte aliuliza.

"Najua, maama. Zote najua."

"Sasa juu ya nini hausemi?"

"Mimi iko daktari ya ng'ombe. Nikiandika mutoto, karatasi inarudi."

Akampa kopo. Bénédicte alipaka mgongo wote kwa vidole vyake, polepole, mpaka Gitare akarudia kutafuna. Kesho yake, kabla ya kurudi, alipitia ofisini akaeleza yote. Walimsikiliza vizuri, wala hawakumbishia. Walimwomba tu alete mgongo wa mtoto wenye alama.

Jioni alimkuta Ikirezi bombani na dumu lake la njano.

"Jana mugongo yangu ilisikia baridi," mtoto alisema. "Ni wewe ulipaka?"

"Ni mimi."

"Fasi ya chini haikufika. Huku, kushoto."

Mutware aliita kutoka mlangoni, kwa sauti yake ya kawaida. Ikirezi alijitwika dumu akaingia ndani. Bénédicte alibaki amesimama bombani, akampigia simu Mbabazi, akamwambia apake chini kidogo, upande wa kushoto. Mbabazi alisema sawa, atapaka, lakini afadhali wasubiri kwanza, maana Gitare ameacha kutafuna tena.