Udongo Uliomdanganya Mpimaji

Shimo la kwanza halikutoa kitu. Meta sabini, na mtambo ukatema mfinyanzi mzito, wenye unyevu wa kunata viatuni tu, si wa kujaza kikombe. Mpimaji alisimama kando, hathubutu kumtazama mtu, maana ni yeye aliyesema, "Chimbeni hapa."

Kazi yake ilikuwa kuijua ardhi bila kuifukua. Alichomeka vyuma, akapitisha umeme, akapima kama unapita kwa wepesi au kwa shida. Penye maji umeme hupita kwa wepesi. Lakini hupita vivyo hivyo kwenye mfinyanzi, na kwenye maji ya chumvi. Mama huyu alilijua hilo tangu chuoni, ila juzi haraka ilimfumba macho.

Haraka yenyewe ilikuwa imelala wodi ya figo: kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Bomba la mji lilikuwa limekauka kwa siku ya tano sasa, na mashine za kusafisha damu zinakunywa maji kama ng'ombe. Kisima cha zamani cha hospitali kilikuwa kimeingiwa na chumvi hata mtambo wa kuchuja ukashindwa. Wagonjwa wanane walikuwa wakivimba. Miguu ya kaka mtu haikuingia tena viatuni.

"Mabomba yangu yaliyobaki yanatosha shimo moja tu," alisema mchimbaji, ambaye watu walimwita Nyundo. "Na kesho mtambo unatakiwa kwingine. Sema, mama, tuchimbe wapi?"

Muuguzi mkuu alifika mbio. "Si ulisema getini pana dalili nzuri? Chimbeni getini!"

"Dalili kama hiyo ndiyo iliyotupa tope, sista."

"Sasa unangoja nini? Kaka yako haongei vizuri tangu asubuhi."

Mpimaji alitamani kunyoosha kidole getini, yaishe. Badala yake akasema, "Nipeni saa mbili."

Muuguzi alimtazama kama mtu aliyeomba miaka miwili.

Safari hii alitandaza vinasa mtikisiko kwa mstari, akalaza bamba la chuma chini, na Nyundo akalipiga kwa nyundo kubwa. Mtikisiko hujikokota kwenye udongo na kukimbia kwenye mwamba. Getini ulijikokota: mfinyanzi tena! Uani kwa dobi, ambako umeme ulipita kwa shida kiasi, mtikisiko ulikimbia, ingawa si kama kwenye mwamba mzima. Mwamba uliopasuka, basi, na ndani ya nyufa maji yasiyo na chumvi nyingi. Ama ndivyo alivyoomba iwe.

"Mtambo haupiti pale," Nyundo alisema. "Kuna ukuta."

"Uvunjeni."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Muuguzi mkuu alijifuta jasho. "Yangu. Vunja, baba."

Meta thelathini, vumbi. Arobaini, vumbi. Kufika hamsini, Nyundo aliacha kumtazama usoni. Mpimaji alichuchumaa, akamwomba Mungu msamaha mapema. Kwenye meta sitini na moja vumbi likageuka tope, kisha maji ya kijivu yakaruka juu. Alichovya kipimo cha chumvi kwenye ndoo, akampa Nyundo amsomee. Chumvi ilikuwepo, lakini kidogo; mtambo wa kuchuja ungeiweza.

Ila maji yalitosha mashine moja tu. Muuguzi mkuu aliandika orodha, waliozidiwa wakitangulia. Kaka mtu alikuwa wa tano. Mpimaji aliisoma, akarudi kisimani bila kuomba nafasi ibadilishwe.

Mwalimu mstaafu aliyekuwa wa tatu hakuifikia zamu yake. Mwanawe mkubwa alikuwa koridoni, kichwa ukutani. Mpimaji angeweza kupita kimya. Akasimama, akamweleza yote: jinsi alivyokosea, na siku mbili zilizopotea.

"Nimesikia," kijana alisema, akamgeuzia mgongo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Zamu ya kaka ilifika kesho yake adhuhuri. Damu ilizunguka kwenye mipira ya mashine saa nzima kabla hajafumbua macho. Akamtazama dada yake aliyejaa tope mpaka kwenye nyusi.

"Umekula?"

"Bado, kaka."

"Nenda ukale, basi. Mimi wamenifunga hapa, nitakimbilia wapi?"

Alitaka kucheka. Machozi yakamtangulia.