Vipande Vilivyonyimwa Mbolea

Mahindi ya Lusungu Msiska yalikuwa mazuri, isipokuwa vipande vinne alivyovinyima mbolea makusudi. Bila wenye njaa, utajuaje walioshiba wameshibishwa na nini? Vile vinne vilivyokonda ndivyo vilivyobeba utafiti wake wa mwisho wa shahada ya kilimo, na mfadhili alishasema: baada ya mwaka huu, hakuna ada tena.

Mama yake, NyaGondwe, alifika kumtembelea na usipa wake mkavu, vidagaa vya ziwani, akamkuta anaondoka kwenda mafunzo ya mifugo ya wiki tatu.

"Nenda, baba. Mimi nitakaa siku mbili tatu, shamba nitakuangalizia."

Akaliangalia kweli. Lusungu aliporudi, mama alishaondoka na mahindi yote yalikuwa ya kijani, yamenona kama watoto wa chifu. Katika vile vinne, kando ya kila shina palikuwa na kishimo kilichofukiwa vizuri: mbolea ya kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, kipimo cha kwao Rumphi.

"Si wewe uliyemtuma?" aliuliza Wongani, mwenye shamba la pili. "Alisema jina la mwanawe haliwezi kubandikwa kibaoni mbele ya mahindi yenye utapiamlo."

"Na wewe ukamtazama tu?"

"Ndugu yangu, alinipa usipa."

Dakta Nyirongo, msimamizi wake, aliyazunguka mahindi kama mtu aliyekuja msibani.

"Nipande tena, mwalimu?"

"Februari hii? Uyapandie mvua ya nani?"

"Basi mavuno ya vile vinne niyakadirie tu, niandike..."

"Usiimalize hiyo sentensi, Msiska. Utarudia mwaka ujao."

Mwaka ujao ulikuwa wa watu wenye ada. Lusungu alimpigia mfadhili, akajibiwa kwa upole mwingi, na jibu lilikuwa lile lile. Simu ilikuwa haijapoa mkononi mama alipopiga.

"Yamekuwaje sasa?"

"Yamependeza, mama."

"Nilijua. Vile vinne ulivisahau, masomo yamekuzidi. Mgongo bado unaniuma, lakini haidhuru. Hapa wote wanakungoja uje utufundishe huo ukulima wa chuo."

Lusungu aliketi juu ya tuta. Maneno ya kumweleza alikuwa nayo. Akavitazama vile vishimo vilivyofukiwa, akayaacha.

"Nakuja, mama," alisema. "Nakuja mapema kuliko mlivyodhani."

Upande wa pili, NyaGondwe alipiga vigelegele.