Aliyemlowesha Bruno

Mugure alipiga simu Jumatano moja ya Februari, jioni, na hakuanza na salamu.

"Nthambi, umekuwa ukikuja kwangu nikiwa dukani?"

Nthambi alikuwa akimkausha paka wa mtu huko Isinya. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuosha, kuchana na kunyoa wanyama wa watu majumbani mwao, na msimu huo wa joto hakuwa na siku ya kupumzika. Kwa Mugure alikuwa ameenda mara moja tu, Desemba.

"Hapana, Mama Ciku. Nitaingiaje na geti umefunga?"

"Hiyo ndiyo nataka kujua," Mugure akasema. "Kuna mtu anakuja kuosha Bruno."

Mugure aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa mpya wa Kitengela, pale uwanda unapoanzia. Asubuhi alimfunga Bruno kwa mnyororo karibu na geti, akaenda kufungua duka lake la vifaa vya ujenzi. Jioni alirudi akakuta mnyororo uko chini na mbwa amelala barazani, kwenye kivuli, amelowa. Siku nne mfululizo. Na kila siku, kando ya mlango, palikuwa na donge la manyoya yaliyotolewa kwenye kitana na kuviringwa vizuri.

"Maji je?" Nthambi akauliza.

"Mfereji haujatoa maji wiki mbili. Pipa langu liko ndani ya nyumba."

Jumamosi Nthambi alifika saa nne na begi lake la kazi. Bruno alikuwa jamii ya shepadi, mwenye manyoya marefu, na Nthambi alitarajia kukuta mafundo chini ya mapaja na kupe nyuma ya masikio, kama mbwa wengine wote aliowashika mwezi huo. Hakukuta hata fundo moja. Manyoya ya ndani, yale mepesi yanayomzidishia mbwa joto, yalikuwa yametolewa yote, na ya nje yakaachwa yamkinge jua. Nywele zilizoota katikati ya vidole zilikuwa zimepunguzwa sawasawa. Mtu asiyejua kazi angemnyoa mbwa huyo mpaka ngozi, na jua lingemchoma.

"Aliyefanya hii ni fundi," akamwambia Mugure. "Tena ana subira."

Mugure alimrudisha Bruno kwenye mnyororo, wakaingia ndani, wakaketi nyuma ya pazia la sebuleni kungoja.

Kivuli cha ukuta kilipungua mpaka kikaisha. Saa sita ilipofika, hapakuwa na mahali pa mbwa kujificha kwenye sehemu yote ambayo mnyororo ulimruhusu kufika. Ulimi wa Bruno ulikuwa nje, mbavu zikienda kasi. Upepo ulikuwa umekufa. Hata kuku wa jirani walikuwa wamenyamaza.

"Mama Ciku, acha nikamtoe," Nthambi akasema.

"Ngoja kidogo."

Ndipo Bruno akasimama. Masikio yalielekea mbele, mkia ukaanza kucheza polepole, jinsi mbwa anavyomchezea mtu wa nyumbani. Hakuwa akitazama geti. Alikuwa akitazama juu kidogo, mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa. Kisha ndoano ya mnyororo ikafunguka, na mnyororo ukaanguka kwenye kokoto. Waliusikia kutoka ndani.

Bruno akatembea hadi barazani, pole, kama anayeshikwa ukosi. Akalala chali bila kuambiwa.

Nthambi aliona miguu ikilowa kwanza, mmoja baada ya mwingine. Halafu tumbo. Halafu sehemu ya ndani ya mapaja, pale mishipa ilipo karibu na ngozi. Maji hayakutoka popote, yalionekana tu manyoya yakigeuka meusi na kulala. Ulikuwa mpangilio uleule anaoufuata yeye mwenyewe akimpoza mbwa aliyezidiwa na joto. Baada ya hapo manyoya ya ubavuni yakaanza kugawanyika mistari minyoofu, kutoka shingoni kwenda kiunoni, na hapakuwa na mkono.

Alifungua mlango. Hakujua kwa nini alifungua, labda kwa sababu ya mbwa. Baraza lote lilikuwa na baridi ya alfajiri, na jua la saa sita lilikuwa hatua mbili tu mbele yake. Bruno alimtupia jicho, kisha akarudisha macho juu ya bega lake. Nthambi hakugeuka. Alitazama chini, akaona kwenye saruji alama mbichi za gambuti, kubwa, ya kushoto imepasuka kisigino. Zilitoka kwenye mnyororo hadi pale alipokuwa amesimama.

Nyuma yake Mugure akasema kwa sauti ndogo, "Ni Mwololo."

Alama zilikauka wakizitazama.

Mugure aliketi kizingitini, akaeleza. Mwololo alikuwa mfanyakazi wake wa nyumba hiyo kwa miaka sita, mtu wa Mutomo huko Ukambani, mpole, aliyependa mbwa kuliko watu. Mbwa wa wakati huo aliitwa Meja. Februari ya mwaka uliopita kulikuwa na wezi mtaani, na Mugure aliagiza Meja asifunguliwe mchana, ndoano akaitia kufuli, funguo akaenda nazo.

"Alinipigia simu mara tatu," akasema. "Akaniambia, Mama, huyu mbwa anakufa. Nikamwambia ampe maji aache kunisumbua, niko na wateja. Saa kumi Meja akawa amekufa."

"Na yeye?"

"Niliandika kwa grupu ya mtaa kwamba ni yeye alimuacha kwa jua akaenda kulala. Watu waliniuliza, ningesema nini? Hakuna mtu alimwandika kazi tena hapa. Akaenda kwao. Nilisikia amekufa mwezi wa nane."

Nthambi alimtazama mbwa aliyelala kwa amani pale chini.

"Na bado unafunga mwingine palepale," akasema.

Mugure aliuokota mnyororo, akautupa nje ya ua. Usiku huo aliandika kwenye grupu yote yaliyotokea, bila kujitetea. Jumanne alienda Mutomo, akamwomba Nthambi amsindikize kwa sababu Kikamba chake kilikuwa cha kuokoteza.

Phylis, mjane wa Mwololo, aliwapa viti akaendelea kuambua mbaazi. Mugure alisema yote. Phylis alisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Alikuwa akiota anaosha mbwa," akasema hatimaye. "Kila siku akilala mchana. Nikimwamsha, mikono yake imelowa hadi kwenye kiwiko. Hapa hatukuwa na maji."

Mugure akaanza kulia.

"Usinililie mimi. Umewaambia watu wa kule?"

"Nimewaambia wote."

"Basi. Hilo ndilo lilikuwa linamsumbua. Hilo na mbwa."

Aliwapa mbaazi za kwenda nazo, na hakuwasindikiza.

Tangu wiki hiyo Bruno hakukutwa amelowa tena. Joto liliendelea hadi mvua ya katikati ya Machi. Mugure alifunga duka kila siku saa tano na nusu, akaja nyumbani kumlowesha mbwa mwenyewe, miguu kwanza, kisha tumbo, kama Nthambi alivyomwonyesha. Mara mbili za kwanza Bruno alijitoa mikononi mwake, akaenda kuketi pale mnyororo ulipokuwa zamani, akangoja. Siku ya tatu alikubali.

Sasa Nthambi ndiye anayemchana kila mwezi. Huenda asubuhi, akamaliza mapema, akafunga begi lake kabla ya kivuli cha ukuta kuisha. Mugure hajawahi kumuuliza sababu.