Walifuta kwa Jina Langu

Walifuta onyesho la mchekeshaji Prodige kwa jina langu, na hakuna aliyeniuliza. Tangazo walilibandika kwenye lango la ukumbi kule Himbi, hapa hapa Goma, kwa herufi kubwa kubwa: onyesho halitafanyika, kwa heshima ya familia za wahanga wa volkano. Familia za wahanga! Mimi ndiye familia. Mume wangu Twagirimana alichukuliwa na ule moto uliposhuka upande wetu wa Kibati, na mpaka leo sijapata hata kifungo cha shati lake cha kuzika. Nilisimama mbele ya lango na beseni langu la samaki wadogo, sambaza, kichwani, nikalisoma tena, damu ikanichemka.

Nisieleweke vibaya. Huyo Prodige sikuwa nampenda. Alikuwa na kichekesho kimoja kilichozunguka mji mzima, cha "Papa Matela", yaani Baba Godoro, mtu aliyerudi motoni kuchukua godoro. Chote sikuwahi kukisikia. Nilikipata vipande vipande sokoni Virunga, wanawake wakicheka mpaka wanione, kisha wote wanaanza kukohoa. Jina la mume wangu hakulitaja, lakini sisi tuliotoka Kibati tulijua ni nani, na kila nilipolisikia lile "Papa Matela" nilitamani kumzaba mtu kofi.

Na ndiyo maana nilitaka onyesho lifanyike. Prodige ana desturi yake: akimaliza kuchekesha hushuka jukwaani na kipaza sauti, anauliza, "Leo nimeumiza nani? Akuje aniseme." Watu husimama kweli, wanamsema, naye husikiliza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusimama. Nilitaka kuwaambia wote waliocheka kwamba lile godoro lilikuwa langu. Uchungu wa kuzaa ulinishika njiani tukikimbia, nikaanguka nyuma ya ukuta wa shule, kwenye kokoto. Twagirimana alinitazama, akasema mtoto wake hatazaliwa juu ya mawe, akageuka kurudi nyumbani kulichukua. Mtoto alizaliwa juu ya mawe hata hivyo. Nilitaka watu wasikie hilo tu, ili mume wangu aache kuwa mjinga wa mji.

Sasa meneja mmoja wa Himbi alikuwa amenifunga mdomo, halafu akaiita heshima.

Niliingia ofisini kwake na harufu yangu ya samaki. Anaitwa Florent, mtu mwenye shati safi na sauti ya padri. Akanivutia kiti, akaniletea Fanta kabla sijaomba.

"Mama Igihozo, ikala. Pole sana. Ile tulifanya ni juu yenu, kuwalinda."

"Kunilinda na nini?"

"Na ile maneno yake. Inaumiza batu."

"Batu gani? Niletee hata mmoja hapa."

Akazungusha kalamu. Akasema alipigiwa simu na wakubwa wa shirika linalofanyia semina zake pale ukumbini. Halafu akashusha sauti, akaniambia wakati huu wa vita mambo ni magumu: Prodige ni mtu wa Butembo, marehemu alikuwa mtu wa Kinyarwanda, na waasi, wanaosemwa kuwa wa lugha hiyo hiyo, wako pale Kibati, watu wangeweza kugeuza kicheko kuwa kitu kingine.

"Bwana yangu aliuawa na volkano," nikamwambia. "Volkano haikumuuliza lugha. Wewe njo unamuuliza, na amekwisha kufa!"

"Mama, tulia. Tunaheshimu maumivu yako."

"Maumivu yangu unayajua? Hata jina la bwana yangu unalijua?"

Hakulijua. Akaisogeza Fanta karibu yangu. Niliiacha hapo hapo. Watu hawa hawakupoteza hata kijiko katika ule moto, lakini ndio wenye kuamua mimi niumie na nini na nisiumie na nini. Nilitoka kwa hasira mpaka nikasahau beseni, ikabidi nirudi kulichukua. Hata kuondoka kwa heshima nilishindwa siku hiyo.

Mambo yakazidi kuharibika. Prodige akajirekodi kwenye simu, macho mekundu, akilalamika kwamba Goma imekataza kucheka. Video ikasambaa, akawa mkubwa kuliko alivyokuwa. Na sokoni lawama zikaniangukia mimi. "Ni wewe njo ulifunga kinywa ya Prodige," mwanamke mmoja akaniambia huku anachagua sambaza zangu. Nilimnyang'anya samaki mkononi, nikamwambia akanunue kwingine. Rafiki yangu Micheline, ambaye meza yake iko karibu na yangu, akanivuta kando.

"Sasa utagombana na soko yote?"

"Nitagombana nayo."

"Gombana na mwenyewe. Mutu ni Prodige. Mwite."

"Nimwite wapi? Ukumbi wamefunga."

"Kwako kuna meneja?"

Hapo ndipo nilipopata wazo. Matanga ya Twagirimana hayakuwahi kuondolewa. Kwanza hatukuwa na mwili, kisha vita vikatufukuza, ndugu wakatawanyika, nami nikabaki mjane asiyejua kama kilio kimekwisha. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, familia hukaa uani na kuuliza mbele ya watu: mwenye neno juu ya marehemu alitoe leo. Linasemwa, linajibiwa, halafu haliongelewi tena. Basi nikampigia Prodige simu, nikamwambia ana neno juu ya mume wangu na aje alitoe. Akasema atakuja.

Alikuja Jumamosi mchana, uani kwangu Majengo. Tulikuwa tumetandika turubai, majirani wamejaa, wazee wa upande wa mume wangu wamekaa mbele na pombe yao ya ndizi. Mizinga ilikuwa inasikika kutoka upande wa Sake, na hakuna aliyeinua kichwa. Prodige alikuwa mdogo kuliko kwenye simu. Alianza kuinama, mama nisamehe, mama sikujua.

"Sikukuita kuomba msamaha," nikamwambia. "Fanya vile unafanyaka mule mwa salle, pale jukwaani."

"Mbele ya bazee hawa?"

"Mbele yao. Na usikate kitu."

Nilimletea godoro langu la ndani. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akalibeba kichwani, akaanza kutembea.

Mungu wangu. Alikuwa Twagirimana mwenyewe. Bega moja juu, lingine chini, magoti yanatangulia, na ile adabu yake ya kuchosha: watu wanakimbia moto, yeye anasalimia kila mtu. Bonsoir mama. Bonsoir papa. Pardon, pita wewe kwanza. Mzee mmoja alicheka, akaziba mdomo, kisha wote wakashindwa kujizuia. Igihozo, binti yangu yule aliyezaliwa juu ya mawe, ambaye hajawahi kumwona baba yake akitembea, aliruka juu akipiga makofi. Na mimi nilicheka. Nilicheka huku nimekasirika, machozi yakanishuka mpaka shingoni.

Halafu "Papa Matela" akasimama ghafla, akajipapasa mifukoni. "Loo! Mlango! Sikufunga mlango!" Akalitua godoro, akamkabidhi mtu asiyeonekana aliyesimama kando ya njia. "Nishikie kidogo. Nafunga, narudi. Bibi yangu ananingoja." Akakimbia kuelekea motoni. Kisha Prodige akageuka akawa yule mtu wa kando ya njia, godoro mikononi, anapiga kelele: "Papa! Moto haina lazima ya ufunguo!"

Bila shaka hapo ndipo ukumbi mzima ulikuwa unaanguka kwa kicheko. Uani kwangu pia walicheka. Mimi niliacha kucheka, kwa sababu hilo sikulijua, na mtu wa kulibuni angejuaje kwamba nilikuwa namngoja? Siku zote niliamini mume wangu hakufika hata nyumbani. Kumbe alifika. Kumbe godoro lilitoka, likafika barabarani, na mimi nikiwa pale chini nalia kwenye kokoto.

"Prodige," nikamwita. "Yule mwenye kushika matela ni nani?"

Akalitua godoro chini.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa nauza unité za simu pale njiani."

"Na matela iko wapi?"

Alitazama chini. "Nilingoja kidogo. Moto ikakaribia, nikakimbia nayo mpaka Sake. Nililalia ile matela, Mama. Kulikuwa mvua."

Sijui niliinukaje. Nilimshika shati hapo kifuani, wazee wakasimama, Micheline akaniita kwa jina langu la ubatizo. Nilimwambia yote: ukuta wa shule, kokoto, kisu cha jirani kilichokata kitovu, mgongo wangu uliochanika. Nilimwambia alijua neno la mwisho la mume wangu akaliuza kwa vicheko, na mimi nilikuwa hapa hapa Goma, nauza samaki mchana kutwa, mtu yeyote angemwonyesha nilipo. Naye alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka.

"Nitaifuta, Mama," akasema. "Ile kichekesho sitaifanya tena. Naapa."

Kufuta tena! Kila mtu katika mji huu anajua kufuta. Nilimwachia shati.

"Ukiifuta nitakutafuta mpaka Butembo. Hakuna pengine ambapo bwana yangu angali anatembea. Utaifanya hapa, utaifanya sokoni, na Florent akifungua ule mulango wake utaifanya kule. Lakini ile mutu wa kando ya njia utamupa jina yako."

Igihozo alikuwa amelala juu ya godoro pale chini, anamvuta Prodige suruali.

"Rudia," akamwambia. "Papa arudi."

Prodige alinitazama. Nikamwondoa mtoto kwenye godoro, nikamtwika Prodige godoro kichwani.

"Kutoka mwanzo," nikasema.